Usione Vyaenda, Vyatunzwa

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Mimi leo nathubutu kuwaongezea neno wahenga wetu: vikisha kuundwa, hutunzwa. Na aliyenifunza haya si nahodha wala fundi wa majahazi, bali ni gari.

Gari lenyewe ni BMW 320i ya mwaka 1988, yenye umbo ambalo mafundi huliita E30. Lilikuwa la marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2011, akiwa kitandani, aliniita akanitia funguo mkononi. "Hii ni amana," akasema. "Na mkaza mjomba wako usimwache akahangaika njiani akienda hospitali."

Yafaa msomaji ajue ni gari la namna gani. Kampuni ya BMW ya Munich, Ujerumani, ilianza mwaka 1916 kwa kuunda injini za ndege. Mwaka 1959 ilikuwa taabani hata ikakaribia kumezwa na Daimler-Benz, waundaji wa Mercedes. Tajiri Herbert Quandt akaitilia mali yake, na mwaka 1961 likaonyeshwa gari la BMW 1500, lenye milango minne na nafasi ya watoto, lakini jepesi barabarani. Hapo ndipo ulipokua mtindo wao wa gari la nyumbani lenye roho ya mashindano. E30 ni mjukuu wa mtindo huo. Yaliundwa tangu mwaka 1982 hadi 1994, zaidi ya milioni mbili.

Na kuliendesha je? Pistoni zake sita zimepangwa safu moja, zikipanda na kushuka kwa jozi zinazosawazishana. Kwa hiyo injini haitetemeki, bali huvuma kama kasida inayoitikiwa na watu waliozoeana. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ya mbele yakabaki na kazi ya kufuata usukani tu. Lakini lina ukali wake. Mvua za kwanza zikinyesha na lami ikawa na mchanga, ukiondoa mguu ghafla kwenye mafuta katikati ya kona, mkia hukuponyoka. Gari hili halimpendi dereva mwenye papara.

Waama, mimi nililipenda kwa macho. Jua la Mombasa lilikuwa limeifubaza rangi, na chumvi ya bahari imeanza kula bati chini ya betri na kwenye matao ya magurudumu. Nikapeleka gari kupakwa rangi upya, likatoka liking'aa kama bibi arusi. Nilipopita mtaani, vijana walisimama kutazama. Nami, Mola anisamehe, nilipunguza mwendo ili watazame vizuri.

Fundi wangu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alifungua boneti, ambayo katika gari hili hufunguka kuelekea mbele, akaniuliza: "Mkanda wa ndani ulibadilishwa lini?" Sikujua. Akanieleza kwamba mkanda huo wa mpira ndio unaofungamanisha pistoni na vali. Hubadilishwa kila miaka minne hivi, hata kama gari halitembei sana, kwa kuwa mpira huzeeka. Ukikatika, pistoni hugonga vali zikapinda. Nikamwambia tutautazama mwezi ujao. Miezi ikapita, na gari likawa linakwenda vizuri tu.

Mkanda ulikatika mwaka 2016, saa tano ya asubuhi, baada ya Mtwapa, nami nikimpeleka mkaza mjomba hospitali. Hapakuwa na kishindo. Injini ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli. Bibi yule wa miaka zaidi ya sabini akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, buibui limejaa vumbi, nami nasimamisha matatu zinazopita zimejaa. Siku ile daktari hatukumpata.

Hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, rangi hii ulilipa kiasi gani?" Nikamtajia. Kisha akauliza: "Na huo mkanda ni kiasi gani?" Haukufika hata sehemu ya kumi. Hakusema tena, nami sikuwa na la kusema.

Vali zilizopinda na kazi ya kuzibadilisha zilinila miezi mitatu na akiba yangu yote. Spea nyingine zilitoka Sharjah, kwenye soko la vipuri vilivyotumika. Nyingine zilitoka huko huko Ujerumani, maana BMW bado yaendelea kutoa spea za magari yake ya zamani. Jamaa waliniambia niuze, kwamba ni israfu. Lakini gari la umri huu haliingizwi tena nchini, kwani sheria yetu hukataa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Hilo silo lililonizuia, hata hivyo. Lililonizuia ni lile neno la mjomba.

Wazee wetu walikivuta chombo pwani, wakakigeuza, wakakipaka deheni chini, mahali ambapo hakuna mtazamaji atakayepaona baharini. Nakshi za tezi zilikuja baadaye. Mimi nilianza na nakshi.

Leo tarehe ya mkanda nimeiandika kwa wino, nikaibandika ndani ya boneti. Na kila mwezi, kabla ya kumpitia mkaza mjomba, hutazama maji na mafuta kwanza. Naye akiingia huuliza, akicheka: "Umetazama ndani?"

Gari si rangi na taa, wala si mng'aro wake,
Ndani ukilikataa, nje bure ulipake,
Siku litakapokaa, njiani usishituke,
Tunza amana jamaa, mwenyewe usiumbuke.