Mwigizaji Anapolikataa Neno: Charles Gilpin Jukwaani

Watahiniwa wengi huorodhesha sifa za mhusika wa tamthilia kana kwamba anaishi kitabuni tu. Ikumbukwe kwamba baina ya mwandishi na hadhira husimama mwigizaji, naye ana utashi wake. Hebu, mwalimu mwenzangu, tutazame mfano kutoka Marekani.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwigizaji mweusi wa huko alitarajiwa kuchekesha. Hata Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas na mchekeshaji hodari ajabu, alijipaka masizi usoni ili afanane na kikaragosi cha mtu mweusi walichokizoea watazamaji weupe. Kupewa uhusika mkuu katika tamthilia nzito kwenye majumba ya Wazungu lilikuwa jambo adimu.

Ndiposa tarehe 1 Novemba 1920 ina uzito. Siku hiyo, jijini New York, kundi la Provincetown Players lilionyesha kwa mara ya kwanza The Emperor Jones, tamthilia ya Eugene O'Neill. Charles Gilpin aliigiza Brutus Jones, mfungwa mtoro aliyejitawaza katika kisiwa kimoja cha Karibi. Raia wanapomwasi, Jones anakimbilia msituni huku ngoma ikidunda kwa kasi ya mapigo ya moyo, kisha ikizidi kwenda mbio. Kati ya maonyesho manane, mengi ni uzungumzi nafsia. Mzigo wote ni wa mtu mmoja. Gilpin aliubeba, na mwaka 1921 akatunukiwa nishani ya Spingarn.

Hata hivyo, matini ilisheheni tusi wanaloitwa watu weusi. Gilpin alichoka kulitamka kila usiku, akaanza kuweka maneno mengine mahali pake. O'Neill alighadhabika. Tamthilia iliporejeshwa jukwaani mwaka 1924, na ilipopelekwa London mwaka 1925, Jones aliigizwa na Paul Robeson.

Je, Gilpin alikosea? Mtetezi wa matini atasema kwamba Jones mwenyewe huwatukana weusi wenzake, na kwamba tusi hilo ni sehemu ya usawiri wa majivuno yake. Hoja hii ina mashiko. Lakini nionavyo mimi, inasahau kwamba kinywa kilichotumika kilikuwa cha Gilpin, na kwamba wengi waliokuwa wakisikiliza ni Wazungu.

Unapofundisha tamthilia teule, waulize wanafunzi ni mstari upi wangeshindwa kuutamka mbele ya wazazi wao. Kisha waueleze mhusika atapungukiwa na nini mstari huo ukiondolewa.