Gusheshe Juu ya Stendi, Cato Manor

Anayetaka kuinua gari la chini nyumbani kwake Cato Manor asianze na jeki. Aanze na ardhi. Kitongoji hiki cha Durban kimekaa kwenye vilima vya bonde la mto uMkhumbane, nyuma ya mgongo wa Berea, na nyumba nyingi zilizojengwa huko tangu miaka ya 1990 zimesimama juu ya viwanja vilivyochongwa mtelemkoni: udongo umekatwa upande wa juu ukamwagwa upande wa chini. Kwa macho ni kiwanja kimoja tambarare, lakini kwa uzito ni viwili. Nusu iliyokatwa ni ardhi ya asili. Nusu iliyojazwa ni kifusi, na gari lako liegeshwe mbali nacho.

Halafu kuna ule mchanga mwekundu wa Berea unaoonekana sehemu nyingi za Durban. Ukikauka huwa mgumu kiasi cha kukudanganya. Chembe zake zimeshikana kwa udongo kidogo wa mfinyanzi uliomo; maji yakiingia, mshikamano ule hulegea na mchanga hudidimia bila kukupigia hodi. Stendi moja chini ya gari lililoinuliwa inaweza kubeba robo tani au zaidi kwa miguu minne midogo. Uitege hapo asubuhi, mvua ya Desemba inyeshe mchana, na jioni gari limeinamia upande. Hata lami ikipata joto la Durban hutobolewa na miguu hiyo. Kwa hiyo kila stendi ikae juu ya ubao mnene na mpana, na kazi isilazwe usiku kucha nje.

Tuchukue gari ambalo vijana wa vitongoji vya Afrika Kusini wanalienzi sana: BMW E30, Gusheshe. Liliundwa Rosslyn, karibu na Pretoria, na toleo la 333i, lililotoka kati ya 1985 na 1987 kwa idadi ya takriban 200, halikuuzwa nchi nyingine. Leo mengi yameshushwa kwa springi fupi, na hapo ndipo shida inapoanza, maana jeki ya magurudumu ya kawaida haipiti chini ya bampa. Dawa yake ni rahisi. Duka la mbao lolote la hapa lina ubao wa msonobari wa milimita 38 kwa 228. Weka vipande viwili mbele ya tairi, panda juu yake polepole, na jeki itapita.

Lakini kupitisha jeki si kazi. Kazi ni kujua nini kinalizuia gari lisitembee.

Mtelemko wa mita 1 kwa kila mita 10 ni kitu kidogo kwa mtu aliyezoea barabara za Cato Manor. Gari la kilo 1,200 likiwa juu yake linavutwa kushuka kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hivi. Kwenye Gusheshe, breki ya mkono hushika tairi za nyuma, na injini nayo husukuma hizo hizo za nyuma. Ukiinua nyuma yote, umeipoteza breki ya mkono na gia kwa mpigo mmoja. Zilizobaki chini ni tairi mbili za mbele zinazozunguka bure. Ukiinua moja tu ya nyuma, breki ya mkono bado inashika ile nyingine, ila gia haina msaada: difu ya kawaida huruhusu tairi iliyo hewani izunguke kinyume huku mwenzake akiviringika. Anayetegemea gia ya kwanza hapo anategemea kitu kilichokwisha kuachia.

Kwa hiyo kazi ya nyuma ifanywe mahali tambarare tu, tairi za mbele zikiwa na kabari mbele na nyuma. Kwa kubadilisha tairi la mbele kwenye mwinamo mdogo usioepukika, elekeza pua ya gari chini. Unapoinua mbele, gari linakaribia kulala sawa, na tairi za nyuma zenye breki zimebaki ardhini. Kuingia chini ya gari ni habari nyingine: sakafu ya zege iliyo tambarare, au usiingie.

Legeza nati kidogo kwa wili spana kabla ya kuinua. Kisha iangalie jeki inavyopanda. Kichwa chake hakiendi wima, kinachora upinde, ndiyo maana ina magurudumu: lazima isogee yenyewe gari linapopanda. Magurudumu yakizama mchangani, jeki inaivuta bodi au kichwa kinateleza. Bamba la ubao mgumu chini yake lamaliza hilo. Kichwa kikae penye uimara uliotajwa kwenye kitabu cha gari, si kwenye sampu wala kwenye bati la sakafu.

Jeki huinua tu. Kubeba ni kazi ya stendi. Sili ya mafuta ndani ya jeki huchakaa kimya kimya na gari hushuka bila sauti. Tofali na bloku, zilizojaa kila uwanja, zisitumike kabisa: bloku yenye matundu hubeba ukuta kwa miaka, lakini ikibanwa sehemu moja ndogo hupasuka ghafla. Stendi nazo zikaguliwe. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliziita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja kwa sababu meno ya kufungia yaliweza kuachia, na baadhi ya zilizotolewa badala yake zikagundulika kuwa na kasoro ya kulehemu. Angalia meno, angalia welding, na ununue zile zenye pini ya ziada.

Gari likikaa juu ya stendi, lisukume kwa nyonga mara kadhaa. Likitaka kuanguka, lianguke sasa. Jeki ibaki imegusa bodi, tairi ulilotoa lilazwe chini ya kizingiti cha mlango, na mtu mwingine awe karibu, simu mkononi. Likimbana mtu, asivutwe: gari liinuliwe kwanza, na ambulensi iitwe kwa 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.