Mafuta ya karafuu katika vipodozi: faida, madhara na mambo ya kuzingatia mpakani

Mafuta ya karafuu hutumika kutengeneza sabuni, mafuta ya kuchua na krimu za ngozi. Karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla ya kuchanua. Mafuta hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye karafuu, makonyo au majani ya mkarafuu. Huko Wawi, Pemba, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) kinachofanya kazi hiyo.

Faida zake

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayotoa harufu, kutia ganzi na kuzuia baadhi ya bakteria na fangasi. Ndiyo maana madaktari wa meno nao huitumia.

Madhara yake

Yujenoli hiyo hiyo huunguza ngozi ikipakwa bila kuchanganywa, na wengine huwashwa na kutokwa na vipele. Kwa mafuta ya kupaka, kiwango kinachoshauriwa ni asilimia 0.5, yaani nusu mililita katika mililita 100. Mtoto akiyanywa anaweza kuharibika ini. Umoja wa Ulaya unataka yujenoli itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika vipodozi vya kupaka na kuacha, na asilimia 0.01 katika vya kuosha.

Kabla ya kupakia mzigo

Mafuta halisi ni mazito kidogo kuliko maji, hivyo yakitikiswa ndani ya maji huzama. Yakielea, huenda yamechanganywa na mafuta ya kula. Yasafirishwe katika chupa za kioo cheusi au vyombo vya alumini, kwani huyeyusha baadhi ya plastiki na hubadilika rangi yakigusa chuma chenye kutu.

Wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani wanaweza kutumia cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hata hivyo, cheti hicho huonyesha bidhaa ilikotoka kwa ajili ya ushuru tu. Hakithibitishi kuwa krimu ni salama. Kwa upande wa Tanzania, ubora wa vipodozi unasimamiwa na TBS tangu 2019, na krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku hata kama kopo limeandikwa "maua asilia". Mwenye mzigo wa aina hiyo hupoteza mali yote, na aliyeusafirisha hujikuta akihojiwa pamoja naye.