Biashara huria: Huria ya mtu na huria ya mzigo

Mfanyabiashara anayenunua nguo mpya Nairobi na kufika nazo Namanga akiwa na risiti halali mkononi hushangaa anapodaiwa ushuru wa forodha. Alishasikia kwamba Kenya na Tanzania zina biashara huria, na alichosikia ni kweli. Risiti nayo haina kasoro. Lakini nguo zimeshonwa China, na dirisha la forodha huuliza mzigo umetengenezwa wapi. Hata ushuru uliolipwa Mombasa haumsaidii sana, kwani uliingia katika hazina ya Kenya, na Tanzania huhesabu wake.

Tusimlaumu haraka. Maneno "biashara huria" katika Kiswahili cha sokoni yamebeba maana mbili kwa muda mrefu, na iliyozoeleka zaidi siyo inayotumika mpakani.

Maana ya kwanza ilizaliwa ndani ya nchi. Kabla ya mwaka 1984, uagizaji na uuzaji wa jumla nchini Tanzania ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mashirika ya umma. Kampuni za Biashara za Mikoa, maarufu kwa jina la RTC, ziligawa bidhaa madukani, Tume ya Bei ikapanga bei, na aliyeuza zaidi ya bei hiyo aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako mkali wa walanguzi na wahujumu uchumi, lakini rafu za maduka zilibaki tupu. Ndipo bajeti ya 1984/85 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza aina kadhaa za bidhaa bila kuulizwa fedha hizo walizipata wapi. Sabuni, nguo na vipuri vikaanza kuonekana tena. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, aliendeleza mkondo huo hata akaitwa Mzee Ruksa.

Ruksa hiyo ndiyo biashara huria ambayo kizazi kizima kiliijua. Ilimhusu mtu: nani anaruhusiwa kununua, kuuza na kupanga bei yake. Haikufuta ushuru. Hata katika miaka hiyo mwenye kontena alitakiwa kulipa forodha, na wale walioichukulia ruksa kuwa ni kupita bila kulipa ndio waliowapa wakosoaji sababu ya kusema "soko holela". Neno "ubinafsishaji" nalo huchanganywa hapa, ingawa lina habari yake: kiwanda cha umma kinaweza kuuzwa kwa mtu binafsi na bado kikaendelea kukingwa na ushuru mkubwa dhidi ya washindani wa nje.

Maana ya pili inahusu mzigo. Nchi mbili au zaidi hukubaliana kutotozana ushuru wa forodha kwa bidhaa zao zenyewe. Zikiishia hapo, kila moja ikabaki na viwango vyake kwa bidhaa za nje, hilo huitwa eneo huru la biashara. Zikiweka pia kiwango kimoja kwa bidhaa za nje, huo ni umoja wa forodha. Zikiruhusu pia wafanyakazi, huduma na mitaji kuvuka, hilo ni soko la pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha Januari 1, 2005, na soko la pamoja Julai 1, 2010. Kwa miaka mitano ya mwanzo baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, kiwango kikipungua kila mwaka, kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa na nguvu zaidi.

Ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje ya Jumuiya ulikuwa na madaraja matatu: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Julai 2022 likaongezwa la nne, asilimia 35. Sukari na mchele viko juu zaidi, katika orodha ya bidhaa nyeti.

Tufanye hesabu. Mzigo wa Sh. 1,000,000 kutoka nje ya Jumuiya, wa daraja la asilimia 25, unaingia Tanzania Bara. Ushuru ni Sh. 250,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani Sh. 225,000. Jumla ni Sh. 475,000, bila ada nyingine ndogo ndogo. Mzigo wa thamani hiyo hiyo uliotengenezwa Kenya, wenye cheti cha uasili wa bidhaa, haulipi ushuru. VAT yake ni Sh. 180,000. Tofauti ni Sh. 295,000, ambayo kwa wengi ni faida yote ya safari. Aliyesajiliwa VAT ataidai au kuifidia baadaye. Mchuuzi ambaye hajasajiliwa ataibeba katika bei.

Huria ya mzigo inaweza pia kusimamishwa bila kugusa ushuru hata kidogo. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ushuru wa mahindi hayo ulikuwa sifuri siku hiyo, kama jana yake, na malori yalikwama vile vile. Siku chache baadaye katazo liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na kiwe na uthibitisho kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hivyo ndivyo vinavyoitwa vikwazo visivyo vya kiforodha. Vingine vina sababu ya kweli ya afya, vingine ni visingizio, na mwenye lori la mahindi hana muda wa kuchambua tofauti.

Mnunuzi mdogo wa hisa naye anahusika. Faida ya kiwanda kinachokingwa na asilimia 35 inategemea kinga hiyo, na viwango hupitiwa kila mwaka na kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwishoni mwa Juni. Humo nchi moja moja hupewa pia ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja. Ushuru wa "pamoja", kwa hiyo, ni wa pamoja pale tu ambapo hakuna aliyeomba kujitoa, na bei ya hisa inaweza kuyumba kwa mstari mmoja wa jedwali hilo.

Kwa wenye mizigo midogo ipo njia nafuu. Bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa mpakani. Mzigo unaozidi hapo huhitaji cheti kamili, ambacho muuzaji hukiomba nchini mwake kabla lori halijaondoka.