Karafuu Isiyotiwa: Namna ya Kuonja na Kupima Bia ya Kibelgiji

Bia ya rangi ya dhahabu itengenezwayo na watawa wa Westmalle, katika jimbo la Antwerp nchini Ubelgiji, ina harufu ya viungo ambayo mtu wa Pemba huitambua mara moja kuwa ni ya karafuu, ilhali katika mapipa yake haikutiwa karafuu hata chembe. Na yeyote atakaye kujifunza kuonja na kupima bia za nchi hiyo, au zile zitengenezwazo kwa mtindo wake na viwanda vidogo vya Marekani na kwingineko, hana budi kuanza na ajabu hiyo, maana ndimo ilimo takriban elimu yote ya jambo lenyewe.

Natambua ya kuwa kwa wengi wa wasomaji wetu, hasa watu wa mwambao, kileo ni haramu, wala sikusudii kumshawishi mtu avuke mpaka wa dini yake; walakini maarifa ya pua hayana uharamu, na aliyepata kukaa na bibi harusi akamwona akibagua udi wa kweli na udi wa kughushi kwa kunusa tu, atafahamu ninayoyasema bila ya kugusa bilauri.

Bia kwa asili yake hutokana na maji, kimea cha shayiri, maua ya hopsi yaletayo uchungu, na hamira. Bia tuzijuazo katika mabaa mengi ya Afrika Mashariki huchachushwa katika baridi, hamira yake ikafanya kazi polepole na kuzama chini ya pipa pasipo kuacha harufu nyingi nyuma yake. Hamira za Kibelgiji hupenda joto la nyuzi ishirini na zaidi, na katika joto hilo, baada ya kula sukari ya kimea na kutoa kileo na gesi ya kaboni, hutoa pia vitu vya namna mbili: esta, zenye harufu ya matunda kama ndizi mbivu na pea, na fenoli, zenye harufu ya viungo. Fenoli inayohusika hapa huzaliwa pale hamira inapoigeuza asidi iitwayo feruliki, iliyomo katika maganda ya nafaka. Na wataalamu wa kemia wanatwambia kwamba umbo lake linakaribiana sana na lile la yujenoli, yaani kitu chenyewe kiipacho karafuu harufu yake. Basi mtu wa Pemba hakudanganywa na pua yake. Amemtambua jamaa ya mtu amjuaye.

Inashangaza kidogo kwamba Wabelgiji walipoitawala Kongo hawakupeleka huko bia za namna hii. Kiwanda walichokiasisi Léopoldville mwaka 1923, ambacho bia yake ya Primus ingali ikinywewa Kinshasa, na jina lake likinywewa Bujumbura na Kigali vilevile, kilishika njia ya uchachu wa baridi. Na mnywaji aliyezoea usafi wa bia ile, akipewa hii ya watawa, huenda akairudisha akidhani imeharibika.

Watawa wa Westmalle waliionja bia yao ya kwanza mwaka 1836, lakini hii ya dhahabu, iitwayo Tripel, ilitoka mwaka 1934, na mwaka 1956 ikatengenezwa upya kwa kuongezewa hopsi. Katikati ya habari hiyo imo sheria ya mwaka 1919, iliyopewa jina la waziri Emile Vandervelde, ambayo ilikataza kuuza pombe kali za kukenekwa katika mikahawa, na kwa hiyo ikawaachia watengenezaji wa bia nzito uwanja mpana. Tripel ina kileo cha asilimia 9.5, karibu mara mbili ya bia ya kawaida; lakini haina uzito mdomoni, kwa kuwa sehemu ya kimea imebadilishwa kwa sukari tupu, ambayo hamira huila yote isibakize kitu. Wepesi huo ni sifa yake kubwa, na kwa asiye mwangalifu ni hatari yake pia. Ndiyo sababu waonjaji hujimiminia kidogo.

Kuonja kwenyewe huanza na bilauri, ambayo sharti iwe haina mafuta wala mabaki ya sabuni, maana povu huanguka mara likikutana na vitu hivyo, na povu la bia ya Kibelgiji si pambo. Bia isitolewe katika barafu. Nyuzi 10 hivi zatosha, kwani baridi kali huziba esta na fenoli zote ukabaki na kitu kitamu chenye mapovu. Chupa imiminwe kwa utulivu, na mashapo yaachwe chini, kwa sababu bia hizi huchachuka mara ya pili zikiwa chupani, na hamira iliyotulia humo huongeza ukungu na ladha ya mkate mbichi kwa asiyeitaka. Kisha ulete pua mapema, kabla ya kuonja na kabla povu halijashuka, uvute pumzi fupi fupi, maana pua huchoka upesi ikazoea. Kwanza litafute tunda, halafu kiungo, halafu hopsi, na nyuma ya hayo kileo, ambacho katika bia njema huwa joto laini tu. Harufu ya rangi ya kucha ni ushahidi kwamba joto la uchachu liliachwa likapanda mno.

Anayeonja mvinyo hutema. Anayeonja bia humeza, japo funda dogo, kwa kuwa uchungu wa hopsi hukomaa baada ya kumeza, na harufu hupanda tena puani kwa njia ya kooni. Tripel njema huanza kama itakuwa tamu, ikageuka kavu, ikamalizia kwa uchungu safi usiokwaruza. Ladha ya boksi lililoloa maji hujulisha kwamba hewa imeingia na bia imezeeka vibaya. Ladha ya siagi, kwamba hamira iliondolewa kabla ya kumaliza kazi yake. Na harufu ya kicheche, kwamba jua limepiga hopsi, jambo ambalo chupa ya kahawia huzuia kuliko ya kijani.

Hapa ndipo waonjaji wengi hujikwaa, nami nadhani ndipo penye tofauti baina ya anayependa bia na anayeijua. Ile bia nyeupe ya ngano iliyofufuliwa na Pierre Celis katika mji wa Hoegaarden katika miaka ya 1960, na ambayo kiwanda cha Allagash cha Portland, Maine, kimeijengea jina Marekani tangu mwaka 1995, hutiwa kweli giligilani na maganda ya machungwa. Atakayeonja kiungo ndani ya bilauri hiyo na kusema ni kazi ya hamira amekosea nusu, sawasawa na yule asemaye kwamba Tripel imetiwa karafuu. Kiungo kilichotiwa aghalabu husimama peke yake, chaweza kutajwa jina na kuondolewa katika fikra. Cha hamira kimeshikana na tunda, huoni mwanzo wake wala mwisho wake.

Chama cha kuwatahini waamuzi wa bia kilichoasisiwa Marekani mwaka 1985 hugawa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na hukumu ya jumla 10. Mizani hiyo yaridhisha, kwa kuwa sura, iwashughulishayo sana wapiga picha, imepewa haki yake ndogo. Na kila bia hupimwa kwa kabila lake, hata karafuu iliyosifiwa katika Tripel ikawa kasoro katika bia ya uchachu wa baridi.

Kanuni zote hizo hutikisika mbele ya Orval, bia ya watawa wa kusini mwa Ubelgiji walioanzisha kiwanda chao mwaka 1931, ambao huitia chupani pamoja na hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces. Ikiwa changa hunukia hopsi kama ua lililochumwa sasa hivi. Ikipita miezi, hopsi hufifia na hamira ile hupandisha harufu ya ngozi na zizi la farasi, na bia hukauka zaidi. Mwamuzi asiyesoma tarehe ya chupa hajui anachokipima, na katika baadhi ya mikahawa ya Ubelgiji mteja huulizwa kabla ya chupa kufunguliwa, anataka changa au ya zamani.