Sare arobaini za Moscow

Ndugu msomaji, wewe unayecheza dame kwa vizibo vya chupa pale Kibati, kando ya barabara ya Rutshuru, unajua maneno yanayosemwa mchezo ukiisha bila mshindi. «Mumecheza bure!» wanasema wale waliosimama. Tusikubali mbio mbio.

Sikia yaliyotokea Moscow katika sataranji, ule mchezo wenye mfalme, malkia na farasi. Tarehe 10 Septemba 1984 Anatoly Karpov, bingwa wa dunia tangu 1975, alianza kupambana na Garry Kasparov, kijana wa miaka 21. Sheria ilikuwa hii: wa kwanza kushinda mara 6 ndiye bingwa. Sare haihesabiwi, na hesabu ya michezo haina mwisho.

Baada ya michezo 9 Karpov alikuwa na 4, Kasparov sifuri. Kijana amekwisha, watu walisema. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungepigana kwa hasira tupate yote siku moja, na kesho yake tunafungwa tena. Yeye akaacha kushambulia ovyo, akatafuta sare. Namna gani? Wachezaji wawili wanaweza kupatana na kupeana mikono. Ao hali ileile ya ubao inarudi mara 3. Ao vipande vinaliwa mpaka vile vinavyobaki haviwezi tena kumfunga mfalme. Zikaja sare 17, moja nyuma ya ingine! Watazamaji walichoka (mimi pia ningesinzia). Lakini kila sare ilimpa kijana siku ingine ya kukaa mezani na bingwa na kumsoma.

Mchezo wa 27 Karpov akashinda: 5 kwa 0. Alibakiza mmoja tu, na huo hakuupata. Kasparov alishinda wa 32, halafu, nyuma ya sare zingine 14, wa 47 na wa 48. Karpov alikuwa amekonda sana. Tarehe 15 Februari 1985 Campomanes, mkubwa wa shirikisho la dunia, akasimamisha yote bila mshindi, juu ya uchovu wa wachezaji. Kasparov alilalamika mbele ya waandishi wa habari. Michezo 48, sare 40.

Walianza upya Septemba 1985, safari hii michezo 24 tu, na sare ikawa nusu alama kwa kila mmoja. Tarehe 9 Novemba Kasparov alimaliza na 13 kwa 11, akawa bingwa. Katika ile michezo 24, 16 ilikwisha sare.