Balbir Singh, Mcheza Hoki Aliyetiwa Pingu Akawa Polisi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Bara Hindi, jina lake Balbir Singh, ambaye sifa zake za hoki zilienea duniani kote, na kazi yake ilikuwa upolisi.

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe. Hoki ni mpira wa magongo. Pande mbili hushindana, kila upande watu 11, na kila mchezaji hushika gongo lililopindika mwisho wake. Mpira ni mdogo tena mgumu, wala hauna ruhusa kupigwa ila kwa upande wa gongo ulio bapa. Mshambuliaji akipiga kutoka mbali, bao halihesabiwi. Sharti auguse mpira ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya lango. Kwa hiyo nguvu peke yake hazifai kitu, bali wepesi wa mkono na wa jicho. Balbir alicheza katikati ya washambuliaji, mahali pa kutia mabao.

Mtu huyu alikuwa Kalasinga wa jimbo la Punjab. Babaye, Dalip Singh, alikuwa miongoni mwa waliodai uhuru, na mara nyingi alitiwa kifungoni na serikali ya Waingereza. Neno hilo tulishike, maana ndilo fundo la habari hii. Balbir alipokuwa akisoma katika Chuo cha Khalsa, mjini Amritsar, mchezo wake ulimpendeza mkuu wa polisi wa Punjab, Sir John Bennett, naye akamtaka katika timu yake. Balbir hakukubali. Atavaaje nguo za wale waliomkamata babaye? Akaondoka, akaenda Delhi. Basi, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, polisi walimfuata huko, wakamtia pingu, wakamrudisha, akaambiwa achague timu ya polisi au jela. Akaingia upolisi.

Mwaka 1947 India ilipata uhuru, walakini Punjab iligawanywa mapande mawili, na watu wengi mno waliuawa katika machafuko. Timu ya Punjab nayo ikagawanyika. Mwenziwe Balbir katika timu hiyo, A. I. S. Dara, alikuwa kapteni wa Pakistani katika Olimpiki ya 1948. Watu waliopeana mpira jana, leo walikuwa wageni.

Katika Olimpiki hiyo ya London, Balbir alitia mabao 6 walipocheza na Argentina, hata hivyo hakuchezeshwa kila mara. Fainali ikawa tarehe 12 Agosti, katika uwanja wa Wembley, nao walioshindana na India walikuwa Waingereza. Zilisalia siku 3 tu kutimia mwaka mmoja wa uhuru. India ikashinda 4 kwa 0, na mabao mawili ya kwanza aliyatia Balbir. Mtoto wa mfungwa aliiona bendera ya nchi yake ikipandishwa mbele ya waliomfunga babaye.

Mwaka 1952, Helsinki, India iliwashinda Waholanzi 6 kwa 1 katika fainali, na katika mabao hayo 6, matano yalikuwa yake. Mwaka 1956, Melbourne, Balbir alikuwa kapteni. Huo ndio mwaka ambao Kenya ilipeleka wachezaji katika Olimpiki mara ya kwanza, na timu ya hoki ilikuwamo. Siku ya kucheza na Afghanistani Balbir alitia mabao 5, kisha akavunjika kidole cha mkono wa kuume. Hata hivyo aliiongoza timu yake katika fainali, wakaishinda Pakistani 1 kwa 0.

Mwaka 1957 Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Alikuwa meneja wa timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1975, Kuala Lumpur. Alifariki tarehe 25 Mei 2020.

Sisi tunaofundisha watoto twajiuliza: je, Balbir alimsaliti babaye kwa kuvaa nguo za polisi? Twaona sivyo. Nguo alivikwa kwa pingu; lakini gongo alilishika kwa hiari yake, na kwa gongo hilo aliitukuza nchi ambayo babaye aliitesekea.